Sahani za Mama Mukandori Zilizorudi Zimejaa

Padri wetu, wakubwa wa jamaa zote mbili, ba Papa na ba Mama mulioacha mashamba muje kukaa na sisi kwa vumbi hii, na ninyi mulioshuka kwa miguu tangu Kitshanga, ninaitwa Straton Sebarenzi, mimi ni mwalimu wa shule ya misioni, na huyu tunayemulilia ni dada yangu wa tumbo moja, mukubwa wangu, aliyenibeba mugongoni. Jamaa wamenichagua nisome maisha yake, na nitafuata njia ya kawaida, kuzaliwa, shule, kazi, ndoa, watoto, ugonjwa na kifo, lakini ninawaambia mapema, kichwa changu hakiko pahali pake tangu jana, kwa hiyo nikiruka kitu ao nikirudia kitu munivumilie, leo sisomi kama mwalimu.

Iko neno moja ambalo wote munalinong'ona tangu asubuhi, heri nilitoe sasa. Jana, wakati sanduku la maiti liliposhushwa kwenye kamyo, lori ya vyakula, Padri aliuliza dada yangu amekufa na nini, tukamujibu ya kuwa hakuwa anakula, na Padri akasema mbele yetu wote, ikiwa alikuwa na wazimu atamuzika sawa na mukristu yeyote, lakini ikiwa alikuwa na akili yake na akaacha kula mupaka akakufa, huyo amejiua mwenyewe, hataingia kanisani wala hatalala ndani ya makaburi ya misioni. Akasema atasikiliza kwanza historia hii, kisha ataamua. Sasa ba shemeji zangu wananivuta nguo, Straton, kaka, sema tu wazimu, tumuzike, tumalize. Na upande mwingine iko Joséphine-Marie, mutoto wake wa miaka minane, ameniuliza leo asubuhi kama mama alirudia akili ao hakurudia, na nimuambie nini? Nikisema wazimu, mama yake anaingia kanisani na yeye anabaki mutoto wa mwenye wazimu, siku ya kuolewa watamurushia neno hilo usoni. Nikisema akili, mama yake anazikwa inje ya uzio, pale mbuzi wanapita. Ninasimama hapa na sijui vizuri ninasimamia upande gani.

Annonciata Mukandori alizaliwa mwaka wa 1924, hapa hapa Ngungu, wakati wa kuvuna maharagi, siku yenyewe haikuandikwa, mama yetu alisema tu ilikuwa siku ya soko na yeye alikosa kwenda, akabaki na hasira ya chumvi aliyotaka kununua. Baba yetu alikuwa mulimaji, mutu wa maneno machache. Marehemu alibatizwa siku ya 25 Machi 1936, siku ya Malaika kumupasha Bikira Maria habari, njo sababu aliitwa Annonciata, lakini hapa kijijini jina hilo lilikuwa la siku ya Mungu tu, jumapili kanisani, siku zingine wote tulimuita Mukandori.

Kuhusu masomo, alisoma kwa masera, watawa wanawake wa misioni, tangu 1936 mupaka 1938, akajua kusoma, kushona na katekisimu yote, kisha mama yetu akaanza kuumwa miguu na Mukandori akarudi nyumbani kumusaidia. Hakulalamika, ao pengine alilalamika na mimi nilikuwa mudogo sikusikia. Ninachokumbuka ni kama alinifundisha herufi kwa nguvu, akiwa na fimbo, na nilipokosea alijifanya katekista wetu wa wakati ule, anakunja midomo, anatoa sauti ya puani, mupaka mama anacheka na miguu yake inayouma. Alikuwa mutu wa kucheka kabisa, yule.

Kazi yake ilikuwa udongo. Alilima viazi, maharagi na mutama kwenye kilima kile munachokiona nyuma ya nyumba, akauza sokoni, na katika kikundi cha ba mama wanaolimiana mashamba kwa zamu, ni yeye aliyeanzisha nyimbo. Wako hapa hao ba mama, wamekaa pamoja kwenye mukeka, hawajaimba tangu jana.

Marehemu alifunga ndoa takatifu siku ya 22 Juni 1946 na Damascène Nzabandora, huyu hapa, shemeji yangu, mutu mupole. Na hapa nitasimama kidogo, kwa sababu iko kati yetu wageni wa Walikale ambao pengine kwao si hivyo. Kwetu sisi, bibi ya mutoto, mwanamuke aliyeolewa na mutoto wako, hali mbele ya macho ya baba mukwe, wala mbele ya wadogo wa baba mukwe, nao ni ba baba mukwe vile vile, hata njaa imuume namna gani, anageuka, anaingia ndani, ao anangoja watoke. Na hawezi kuwaambia watoke, hapana, hilo lingekuwa kosa kubwa kuliko kula kwenyewe. Mukandori alishika desturi hiyo kupita wanawake wote wa umri wake, mupaka baba mukwe wake, Mungu amurehemu, alizoea kukohoa tangu njiani ili mutoto wa watu apate wakati wa kumeza. Siku moja alivuna mutama pamoja na Papa Théoneste Sebahire, mudogo wa baba mukwe wake, jua zima, hakutia kitu kinywani mupaka mzee alipoaga. Wazee walimusifu. Mimi nilimutania kama hakuolewa na Damascène, aliolewa na njaa, akanipiga na kitambaa.

Mungu aliwapa watoto wawili. Joséphine-Marie alizaliwa siku ya 3 Mei 1948, na Albert alizaliwa siku ya 9 Oktoba 1953, akakufa siku ya 17 ya mwezi ule ule, tukamuzika asubuhi, na jioni dada yangu hakulia tena.

Hapo njo mambo yanaanza kunichanganya. Hakulia, hakulala, akaanza kuzunguka katika viazi na boga amelifunga mugongoni kwa kitambaa cha mutoto, analibembeleza, analiita Albert, na ukijaribu kulitoa anakuuma. Akawasha moto karibu na ghala la maharagi akisema mutoto anasikia baridi. Na kitu kilichotuogopesha kuliko moto, ninaomba wazee wanisamehe, alianza kula akitembea njiani, kinywa kimejaa, mbele ya kila mutu, na siku moja alikula vile mbele ya baba mukwe wake, anamuangalia machoni, mzee akajifunika uso na kanzu yake akalia sana. Hapo tulijua kama Mukandori wetu ameondoka. Mbele ya pale tulisema ni uchungu, tokea pale tulisema ni wazimu.

Tulisali, na wengine wakamupeleka kwa mufumu, Padri, hilo utatusamehe, tukamupeleka kwa dispensaire, zahanati ya karibu, na mwisho, siku ya 7 Februari 1955, alipakiwa kwenye kamyo kwenda hospitali moja ya ndani ya pori, upande wa Walikale, yenye nyumba ya wagonjwa wa akili. Sitaitaja jina. Sikufika kule, ninasema vile Damascène na Papa Théoneste walivyonieleza, nyumba ndefu ya mabati, uwanja mumoja wa wanawake, mulango wa ufunguo, wagonjwa wengi na walinzi wachache, wanaopigana wanafungwa kitandani kwa vitambaa, munganga, daktari wao, anapita wakati barabara inakubali, na Masera mumoja njo anabeba yote, anaamka wa kwanza na kulala wa mwisho, anasema Kifaransa na Kiswahili cha jikoni. Dawa walimupa. Walimuosha, walimukata nywele zilizojaa chawa, sitasema uongo.

Lakini kitu kimoja kilitushinda. Hapa kwetu mugonjwa anaenda hospitali na mutu wake, anayemupikia, anayemugeuza, anayefua nguo zake. Kule kwa wagonjwa wa akili wanakataza. Mutu wa jamaa anaachwa kwenye mulango. Dada yangu, katikati ya pori, bila mutu wake! Mama yetu alikataa kulala kwa ajili ya hilo. Basi jamaa ya Damascène wakakaa, wakafikiri, wakakumbuka kama Papa Théoneste anafanya kazi katika hospitali ile ile, mulinzi upande wa wanaume. Damascène akasafiri, akamupigia Masera magoti, na Papa Théoneste akahamishwa upande wa wanawake. Habari ilipofika hapa Ngungu, ba mama walipiga vigelegele, mama yangu akachinja kuku. Mutoto wetu iko mikononi mwa wetu, njo tulisema. Nani kati yetu hakufurahi? Hata mutu mumoja hakusema neno lingine.

Sasa musikilize sheria ya nyumba ile. Zamani mugonjwa mumoja alisongwa na chakula akiwa peke yake, akakufa, na tangu siku ile kila mwanamuke lazima ale mbele ya macho ya mulinzi, mulinzi anasimama mupaka sahani iwe tupu. Ni sheria nzuri, mimi mwenyewe ningeiweka. Na mulinzi wao siku zote ilikuwa Papa Théoneste, isipokuwa siku ya Mungu, kwa kuwa siku ile anaenda Misa na kupumzika, na pahali pake anasimama mama mumoja wa jikoni, Mama Adelaïde, mutu wa vijiji vya karibu na Omate, kule Walikale, huyu aliyekuja jana pamoja na maiti, amekaa pale karibu na mulango na mutandio wa kijani.

Papa Théoneste anasema mwanzoni Mukandori alikula vizuri. Alikula mbele yake bila haya, na vidole vyote, anacheka, na yeye mzee aliangalia ukuta. Ilikuwa hivyo karibu mwaka muzima. Halafu, mwanzo wa mwaka huu wa 1956, siku moja alipewa bugali na sombe, majani ya muhogo, akainua uso, akamuona Papa Théoneste, akaweka sahani chini polepole, akavuta kitambaa juu ya kichwa, akageukia upande mwingine. Sahani ikarudi imejaa, chai tu ya usiku njo alikunywa. Kesho yake vile vile. Papa Théoneste akaogopa, akasogea karibu, akamubembeleza, Mukandori mwanangu, kula, nitawaambia nini nyumbani, na kadiri alivyosogea, ndivyo dada yangu alivyozidi kujifunika. Masera akaambiwa mugonjwa anakataa chakula. Akaja mwenyewe na kijiko, na Papa Théoneste nyuma yake ameshika sahani. Alifunga kinywa.

Damascène alimutembelea wakati wa Pasaka. Alimukuta amekonda, lakini bibi yake alimusalimia kwa jina, akauliza kama Joséphine-Marie amekomunika mara ya kwanza, akauliza kama viazi vya shamba la juu vilioza, akauliza nani anapalilia kaburi la Albert. Alijua kama Albert amekufa! Damascène akamuuliza, bibi yangu, mbona hauli? Akavuta kitambaa usoni, akaangalia chini. Papa Théoneste alikuwa amesimama kati yao, kwa sababu ni sheria mulinzi asimame wakati wa matembezi. Damascène akarudi hapa na furaha na woga, vyote pamoja, akatuambia anaongea sawa na zamani ila bado ugonjwa wa kukataa chakula, na sisi tukajibu, basi ugonjwa unatoka kidogo kidogo, utaisha.

Alipokuwa dhaifu kabisa, munganga alipita, akaagiza alishwe kwa mupira unaopita puani. Walimufunga mikono ili asiuchomoe, wakamimina uji. Sijui walikosea pahali gani, sijui kama yuko mutu anayejua, uji ukaingia kifuani, homa ikapanda, na dada yangu Annonciata Mukandori akakufa siku ya 14 Agosti 1956, akiwa na miaka thelathini na miwili. Kamyo ya vyakula iliyokuwa inatoka ilikubali kumubeba, na Papa Théoneste na Mama Adelaïde walipanda pamoja naye.

Hapo historia ingeisha, ningekaa. Lakini jana, Padri alipokwisha kusema neno lake na kwenda, Mama Adelaïde alituangalia tunavyogombana, wazimu, akili, wazimu, akili, akauliza kwa mushangao, ninyi munasema nini, mama huyu alikuwa anakula. Tukamugeukia wote. Akasema, na ninarudia maneno yake vile alivyosema, "Siku ya Mungu, nikisimama mimi, alikula yote. Aliomba na chumvi. Alisema bugali yangu iko muzito kama jiwe, tukacheka. Nilimuambia Masera, Masera akasema siku ya Mungu chakula ni kizuri, mugonjwa anachagua." Nikamuuliza, mama, haukumuuliza sababu? Akasema alimuuliza. Mukandori akamujibu kwa sauti ya chini, yule anayesimama ni baba mukwe wangu. Na Mama Adelaïde akashangaa, kwa sababu kwao baba mukwe anakula na bibi ya mutoto wake sahani moja na wanataniana, akafikiri ni maneno ya ugonjwa tu, kisha Masera akamuita aoshe masufuria.

Nilisimama, nikakaa, nikasimama tena. Nilitaka kumupiga mutu na sikujua ni nani. Papa Théoneste alikuwa ameketi ukutani, akasema, "Mutu wa wazimu hana haya. Mimi nilifikiri njo wazimu. Kule sikuwa baba mukwe, nilikuwa mulinzi, na kofia yangu." Akatoka, akaenda nyuma ya nyumba, iko kule mupaka sasa, hataki kutokea mbele ya sanduku, anasema atamuzuia tena.

Padri, unaona mahali tulipo. Tulijua kama dada yangu amepoteza akili siku aliyokula mbele ya baba mukwe wake. Kwa nini hatukujua kama ameirudisha siku aliyokataa? Kila sahani iliyorudi imejaa ilikuwa inatuambia, nimerudi, ni mimi, Mukandori, bibi ya Damascène, na Masera akasoma ugonjwa, na munganga akasoma ugonjwa, na sisi wenyewe wenye desturi tukasoma ugonjwa. Tulimuwekea mutu wa heshima kuliko wote asimame mbele ya sahani yake, kwa upendo, tukapiga na vigelegele. Halafu tunauliza kwa nini hakula! Shemeji zangu, ninawaheshimu, lakini sitasema wazimu. Alikuwa na akili yake, na hakutaka kufa, mutu anayetaka kufa haombi chumvi. Alikuwa anangoja siku ya Mungu kila juma, na mwili haukuweza kungoja naye. Sasa hilo katika vitabu vya Kanisa linaitwa nini, Padri, mimi sijui, nilisoma kwenu na sikufundishwa. Joséphine-Marie, mwanangu, jibu la swali lako njo hilo, mama yako alirudia akili, na wewe usimame wima.

Inabaki shukrani. Ninamushukuru munganga aliyepita kwenye barabara mbaya. Ninamushukuru Masera, na ninamukasirikia, vyote viwili, hakuwa mutu mubaya, alifunga mulango kwa mutu wa mugonjwa na hakukuwa tena mutu wa kumuambia hivi njo tunakula kwetu, na yeye hakuuliza. Ninamushukuru Mama Adelaïde, aliyepanda kamyo kumusindikiza mutu asiye wa kabila lake. Ninawashukuru ba mama wa kikundi cha kulima, majirani walioleta kuni na maji, na vijana waliochimba tangu alfajiri mashimo mawili, moja ndani ya uzio na moja inje, bila kunung'unika, kwa sababu hakuna aliyeweza kuwaambia moja. Papa Théoneste, unanisikia kule nyuma, jamaa ya Mukandori haikufukuzi, utoke, uje ushike sanduku upande wa kichwa, ulimubembeleza ale kuliko sisi wote. Ninawashukuru pia...

Munisamehe, nimepoteza mustari. Padri amesimama. Amefungua mufuko wake, anavaa stola, kitambaa chake cha kuzikia.

Vijana, mufukie shimo lile la inje.

Dada Mukandori, kaa mezani kwa Bwana, ule, ushibe, hapana tena kungoja mutu atoke.